Koplo Murjan na Mbwa Aliyeitwa Meja

Siku zile Kibra ilikuwa bado mashamba na miti. Nyumba zilikaa mbalimbali, kila mtu na mahindi yake na ng'ombe wake. Asubuhi wanaume walikwenda mjini kuuza maziwa. Wanawake walikaa uani wakisuka vikapu vya rangi, mdomo ukisema na mikono ikifanya kazi. Huko Laini Saba askari walikuwa wakijifunza shabaha, kwa hiyo bunduki zilisikika karibu kila siku. Watu walishazizoea. Mtu alimenya kiazi chake wala hakuinua kichwa.

Murjan hakuzoea. Bunduki ikilia, alichutama pale pale alipokuwa.

Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na vitu vitatu: koti la jeshi, cheo cha koplo, na sauti. Koti lilimpendeza. Cheo kilimpa heshima. Taabu ilikuwa sauti. Kule vitani alipiga kelele ili watu wake wasife, na kelele hiyo ilikuwa na maana. Sasa alikuwa nyumbani, hakuna anayekufa, lakini bado alipiga kelele. Akitaka maji, kelele. Akitaka viatu, kelele. Hata akisema chakula ni kitamu, majirani walidhani kuna ugomvi.

Siku moja binti yake, Sitelbanat, mtoto wa miaka sita, aliangusha sufuria. Sufuria ikagonga jiwe, ikalia. Murjan aliruka. Kabla hajajua yuko wapi, mkono wake ulikuwa umeshampiga mtoto.

Mtoto hakulia. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akasimama hapo anamtazama.

Mke wake, Batul, alifunga nguo kwenye kanga, akamshika mtoto mkono, akaenda zake kwa kaka yake Abdelkarim, kule Makina.

Baada ya siku kadhaa Abdelkarim akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo, na hakupenda kusimama juani.

"Shemeji, sikuja kugombana," akasema.

"Basi umekuja kwa nini?" Murjan akauliza.

"Ona sasa. Nimekaa hapa ubavuni mwako, na unaniita kama niko ng'ambo ya mto."

"Hii ndiyo sauti yangu!"

"Ndiyo hiyo iliyomfukuza dada yangu." Abdelkarim akajifuta jasho. "Batul anasema hivi. Mahindi yakikomaa atakuja mwenyewe kuyatazama, na kukutazama wewe. Akikuta chakula kiko, na kuna mtu wa kusema naye, atarudi. Akikuta tumbili wamemaliza shamba, na wewe unapigia miti kelele, mtakutana kwa kadhi. Ataomba talaka."

"Mahindi yanahusu nini na mambo haya?"

"Mtoto atakula nini, Koplo? Amri?"

Murjan akageuka, akatazama mahindi. Shamba lake lilikuwa ukingoni kabisa, limepakana na msitu wa Ngong. Kila asubuhi tumbili walishuka kutoka kwenye miti, wakavunja mahindi machanga, wakatafuna kidogo, wakatupa. Murjan aliwapigia kelele. Mwanzoni walikimbia. Sasa walishajua kwamba mwenye sauti ile yuko mbali, basi walikula tu.

Wiki ile ile akapita Gerishon. Huyu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Ngong Road.

"Koplo, wewe unataka mbwa?" Gerishon akauliza. "Mzungu yetu anarudi kwao Ulaya. Iko na mbwa moja. Ijumaa itapigwa risasi."

"Imefanya nini?"

"Imeuma shamba boi. Imeuma dobi. Mimi mwenyewe imeniuma, na ni mimi naipatia nyama. Imefungwa mnyororo tangu ikiwa ndogo. Mzungu akilewa, anaipiga."

Murjan alifikiri. Mbwa mkali angefaa kwa tumbili. Tena kulikuwa na kitu katika neno lile, kwamba atapigwa risasi Ijumaa, ambacho hakukipenda.

"Jina lake nani?"

"Meja."

Habari ilifika barazani kabla ya mbwa mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Koplo atamwamuru Meja? Jeshi gani hilo?"

"Kila asubuhi ni yeye atapiga saluti!"

"Murjan, mwombe ruhusa kabla ya kulala!"

Murjan akaenda, akamleta Meja kwa kamba ndefu. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Njia nzima alivuta kwenda upande mwingine.

Sasa sikiliza makosa yake, kwa sababu mpaka leo watu wengi wanayafanya.

Kosa la kwanza, alimfunga kwa waya. Aliona kamba itatafunwa. Waya ulikuwa mfupi, mbwa hawezi kufika kivulini, na shingo ikaanza kutoka kidonda.

Kosa lingine, hakutaka kumkaribia. Murjan alikuwa Mwislamu, aliogopa najisi. Aliweka chakula kwenye bati, akakisukuma kwa mti mrefu kama mtu anayechokoa nyoka. Maji mara alikumbuka, mara alisahau. Halafu watu wa barazani wakamwambia, mtilie pilipili, mbwa akila pilipili anakuwa mkali. Akatia. Mbwa akatapika, na kwa kiu akalamba udongo.

Na kubwa kuliko hayo yote, alimpigisha kwata. Ndiyo, kwata kama ya kuruti! Kila asubuhi alivaa koti lake, akashika fimbo, akasimama mbele ya mbwa.

"Meja! Simama! Meja! Geuka kulia! Kaa! Nimesema kaa! Wewe ni kiziwi?"

Mbwa akibweka, fimbo. Mbwa akinyamaza, fimbo, eti ananyamaza kwa kiburi. Asubuhi moja Murjan alisogea hatua moja zaidi. Meja akaruka, akamkamata mkono chini ya kiwiko, meno yakaingia.

Wakati huo Waruguru alikuwa anapita njiani. Alikuwa mama wa Kikuyu kutoka Kawangware, mtu mzima, amebeba viazi vitamu kwenye kiondo mgongoni. Alikuwa akija Kibra kuuza, na kila mtu alimjua. Tangu msichana alichunga mbuzi pamoja na mbwa wa baba yake. Alisikia ukelele, akatua kiondo, akaingia bila hodi.

"Rudi nyuma! Rudi, toka hapo!" akamwambia Murjan. "Sabuni iko wapi?"

"Nipe panga! Nitamuua huyu!"

"Panga ya nini? Mimi nauliza sabuni!"

Alimkalisha kwenye gogo. Akachukua mtungi, akamimina maji juu ya kidonda, akapaka sabuni, akamimina tena, akapaka tena. Murjan alikunja uso.

"Inatosha, mama."

"Haijatosha. Sumu ya kichaa iko kwa mate. Mate iko ndani ya kidonda. Lazima itoke na maji, pole pole. Wewe kaa."

"Watu wanasema nibandike manyoya ya mbwa, yamechomwa."

"Watu wanasema! Hao watu wamezikwa wangapi? Usiweke manyoya, usiweke majivu, usifunge na kitambaa chafu. Ukitoka hapa unaenda hospitali. Leo, si kesho."

"Basi nimuue kwanza, halafu niende."

Waruguru akaweka mtungi chini, akamtazama.

"Ukiua leo, utajua aje kama alikuwa na kichaa? Muache. Mfunge vizuri, mpatie maji, mtu asimguse. Mbwa ya kichaa hamalizi siku kumi, anakufa mwenyewe. Huyu akimaliza kumi anakula vizuri, basi siku amekuuma hakuwa na kichaa. Alikuwa na hasira tu. Na hasira ni wewe umempatia."

"Mimi? Mimi ninamfundisha!"

"Unamfundisha nini? Angalia yeye sasa. Anaangalia nini?"

"Ananiangalia mimi."

"Hapana. Angalia macho yake vizuri."

Murjan akatazama. Meja alikuwa amelala chini kabisa, tumbo kwenye udongo. Macho yake hayakuwa usoni mwa Murjan. Yalikuwa kwenye mkono wake, ule mzima. Mkono ukienda kushoto, macho yakaenda kushoto. Mkono ukishuka, macho yakashuka.

"Anangoja kupigwa," Waruguru akasema. "Mbwa imepigwa sana haiangalii mtu. Inaangalia mkono."

Murjan alimkumbuka Sitelbanat pale ukutani. Mtoto naye hakuwa amemtazama usoni. Alikuwa amekaza macho pale pale, kwenye mkono.

"Mama Waruguru," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Inaweza kusahau?"

"Kusahau sijui. Kuzoea, inaweza. Lakini ni kazi, na hiyo kazi ni yako, si yake."

Hospitalini walimwosha tena, wakamdunga sindano, wakamwambia yale yale ya Waruguru: mchunge mbwa, akibadilika rudi mbio. Hata leo ni hivyo. Mbwa akikuuma, hata kama ni wako mwenyewe, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kama robo saa. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, wao ndio watakuambia kama unahitaji sindano za kichaa. Usingoje uone kama utaumwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu, hakina dawa.

Kesho yake Waruguru alirudi, akamweleza jinsi ya kuanza. Maneno yake hayakuwa mengi. Siku kumi zikiisha, toa waya, weka ukanda wa ngozi na kamba ndefu ifike kivulini. Maji yasikosekane. Chakula asubuhi na jioni, bila pilipili, na kitoke kwa mtu mmoja. Fimbo itupe. Neno moja kwa kazi moja. Sema pole pole.

"Na usimwangalie sana kwa macho," akasema. "Kaa karibu yake tu, fanya kazi yako."

"Kazi gani?"

"Shamba yako haina kazi? Hapo majani imefika magoti!"

Bado kulikuwa na ile habari ya najisi. Murjan akaenda kwa Mwalimu Lukman, aliyekuwa akisomesha watoto msikitini.

"Mwalimu, nina mbwa. Nitamgusaje nami ninaswali?"

"Mbwa wa nini?"

"Wa shamba."

"Basi mbwa wa shamba ameruhusiwa. Asiingie ndani, wala mahali unaposwalia. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna kitu. Akikulamba, au kukiwa na majimaji, osha mara saba, moja iwe na udongo. Chombo chake kiwe chake."

"Nilidhani ni dhambi kumshika."

"Najisi si dhambi, Murjan. Najisi ni kitu cha kuoshwa. Dhambi ni kumfunga kiumbe ukamnyima maji." Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Maji unampa?"

Murjan akainama. "Sasa ninampa."

Siku kumi zikapita. Meja alikula, alikunywa, hakuwa na kichaa. Lakini hakuwa rafiki pia. Murjan alipokwenda kuondoa ule waya, ilimchukua asubuhi nzima. Alisogea, mbwa akanguruma, Murjan akakaa chini. Akapalilia kidogo. Akasogea tena. Jua lilikuwa utosini ndipo vidole vyake vilipofika kwenye shingo. Waya ulipotoka na ukanda wa ngozi ukakaa mahali pake, Meja alijikung'uta, akaenda kivulini, akalala. Hakutikisa mkia wala nini. Murjan mwenyewe alikuwa amelowa jasho kama aliyebeba gunia.

Basi wakaendelea hivyo. Mtu anapalilia, mbwa anatazama. Siku nyingine Meja alikula vizuri, siku nyingine akamwonyesha meno bila sababu. Murjan alitaka kupiga kelele mara nyingi. Kelele ilipanda mpaka kooni. Aliimeza, akaenda kulima upande mwingine mpaka ipoe.

Asubuhi moja askari wakaanza shabaha huko Laini Saba. Pa! Pa! Murjan alikuwa na jembe mkononi. Akachutama kati ya mahindi, mikono juu ya kichwa. Alipofungua macho akamwona Meja. Mbwa yule mkali wa Ngong Road alikuwa amejikunja chini ya ghala ya mahindi, anatetemeka masikio mpaka mkia.

Wakatazamana, wote wawili chini.

"Ni shabaha tu," Murjan akasema. Sauti ilikuwa ndogo, maana pumzi hakuwa nayo. "Ni shabaha tu. Wanapiga ubao. Hakuna mtu."

Pa!

"Ni ubao, Meja. Wanapiga ubao."

Alisema hivyo mara nyingi. Akatambaa polepole mpaka penye ghala, akakaa hapo na mgongo kwenye nguzo. Bunduki ziliponyamaza, akasikia kitu kizito kwenye mguu wake. Meja alikuwa ameweka kichwa. Murjan hakukigusa. Alikaa tu, mpaka mguu ukafa ganzi.

Tangu hapo, bunduki zikilia, walikwenda pamoja penye ghala. Murjan alimwambia mbwa kwamba ni ubao, na kwa kumwambia mbwa akawa anajiambia mwenyewe. Kuchutama hakukuisha kabisa. Lakini alianza kuinuka upesi.

Sasa Meja alifunguliwa asubuhi, akatembea shambani na Murjan. Tumbili walipokuja alisimama kwenye ukingo wa msitu, akabweka. Tumbili walirukaruka matawini juu ya kichwa chake, wakamtukana kwa lugha yao, lakini chini hawakushuka. Jioni alifungwa kwa kamba yake ndefu, ili asiume watu wa njia. Waruguru alipoleta habari kwamba watu wa mifugo wako Dagoretti wanachanja mbwa, Murjan alimpeleka. Alimfunga mdomo kwa kitambaa, akamshika mwenyewe. Yule mchanjaji akasema, "Mzee, hii mbwa yako ni kali sana." Murjan akasema, "Ndiyo, ni kali. Dunga upesi."

Mahindi yakakauka kwenye mabua. Batul akaja, kama alivyosema. Alikuja na Abdelkarim, na Sitelbanat nyuma akishika kanga ya mama yake.

Meja aliwaona kwanza. Akasimama njiani, nywele za mgongo juu, meno nje. Abdelkarim alimrudisha dada yake nyuma kwa mkono mmoja.

"Shemeji! Shika mnyama wako!"

Murjan alikuwa kwenye mahindi. Batul aliinua mabega, akingoja ile kelele. Mtoto alishaziba masikio.

Murjan akatoka, akasimama karibu na mbwa. Akasema maneno machache. Meja akamtazama usoni, akaketi.

"Amesema nini?" Abdelkarim akauliza. "Sikusikia."

"Mimi nimesikia," Batul akasema. "Amesema, wacha, ni wa kwetu."

Murjan alimfunga mbwa, akanawa mikono vizuri, kwa udongo na maji, ndipo akawasalimu. Batul aliitikia, akaenda shambani, akavunja hindi moja, akamenya, akabonyeza punje kwa kucha. Akavunja jingine mstari wa mbele zaidi. Aliangalia kila upande kama mtu anayenunua.

Mtoto alibaki. Alisimama mbali, anamtazama Meja.

"Anauma?"

"Anauma," Murjan akasema. "Usimshike. Akila usimkaribie, akilala usimkaribie. Akikuzoea nitakuonyesha."

"Wewe alikuuma?"

Murjan akakunja mkono wa kanzu, akamwonyesha kovu.

"Kwa nini alikuuma?"

"Nilimpiga. Hakuwa amefanya kosa, nikampiga."

Sitelbanat aliangalia kovu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi sikukuuma."

Murjan akachutama mbele yake. Hapakuwa na bunduki iliyolia.

"Hapana, mama," akasema. "Hukuniuma. Na wewe pia hukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Sitakupiga tena."

Mtoto aliposogea kumtazama mbwa vizuri, alisogea upande wa baba yake.

Batul alikuwa amerudi, amesimama nyuma yao na mahindi mawili mkononi. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Huyo analala wapi?" akauliza.

"Nje, penye ghala. Ndani haingii."

"Chombo chake?"

"Lile bati. Ni lake peke yake, liko mbali na jiko."

"Na akinilamba nguo?"

"Mwalimu Lukman amenifundisha. Mimi ndiye nitakayefua."

Batul akageuza yale mahindi mkononi. Alifikiri. Abdelkarim alikuwa amepata kivuli, ameketi, anajipepea na kofia.

"Abdelkarim," Batul akasema. "Nenda nyumbani uniletee vitu vyangu."

"Vyote?"

"Vyote. Na vya mtoto."

Abdelkarim akainuka akiguna, akaanza kwenda. Batul akamwita.

"Kaka! Ukirudi, piga hodi ukiwa mbali. Sisi tuna mbwa."